Kupe wa Konde na mayai yao: shajara ya mradi

12 Aprili 2025. Swali, na mkusanyo wa kwanza

Swali si langu. Ni la mwanafunzi wa kidato cha tatu, msichana mkimya anayekaa dirishani. Nilikuwa nafundisha kwamba kupe huokota vimelea anapomnyonya ng'ombe mgonjwa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kitoto cha kupe kilichotoka kwenye yai jana, hakijaonja hata tone la damu, nacho kinaweza kuwa na maradhi?" Nikamwambia ndiyo, wapo bakteria wanaotoka kwa mama wakaingia kwenye yai. Akauliza, "Umewaona?" Darasa zima likacheka. Sikuwa nimewaona, nilikuwa nimesoma tu.

Jambo lenyewe ni la zamani, tena sehemu yake iligunduliwa huku huku kwetu. Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliwakuta vijidudu vya homa ya papasi ndani ya mayai ya papasi, jamaa wa kupe. Mwaka huohuo watafiti wawili, Dutton na Todd, kule Kongo waliwalea papasi kutoka kwenye mayai, na vitoto vile vikaambukiza tumbili. Dutton aliipata homa hiyo mwenyewe, na hakurudi kwao. Muda mfupi baadaye mtafiti Ricketts akaonyesha kwa kupe wa Marekani bakteria wanaopita kwenye yai vivyo hivyo, na bakteria wa jamii hiyo wanaitwa riketsia kwa jina lake.

Naandika hatua kwa hatua ili skuli nyengine yenye hadubini ya kukuza mara 1000 iweze kufuata. Mpango ni huu: kuchukua majike walioshiba damu, kumpima kila mmoja, kumwacha atage, kisha kupima mayai yake na kulinganisha mama mwenye bakteria na asiye nao.

Leo tumekwenda Konde, hapa Pemba, kwa ami yangu, mwenye ng'ombe sita. Tumepata majike 11 wa *Amblyomma variegatum*, wale wakubwa wenye miguu ya pete pete, na 14 wa kupe wadogo wa rangi ya samawati, jamii ya *Boophilus*. Jike la Amblyomma likishiba linakaribia ukubwa wa zambarau. Chukueni wale waliojaa kabisa, ambao ukiwagusa wanakaribia kuanguka wenyewe. Ukimng'oa kwa nguvu mdomo unabaki kwenye ngozi ya ng'ombe, na kupe huyo hana faida tena.

Ami alitutazama tunavyowatia kwenye vikopo, akashindwa kuvumilia: "Yakhe, sisi twatafuta dawa ya kuwamaliza, nyie mwawafuga?"

Usalama kwanza. Amblyomma hubeba *Rickettsia africae*, na mtu aliyeumwa huweza kupata homa, mitoki na kidonda chenye kigaga cheusi. Kwa hiyo kupe wazima nawashika mimi tu, kwa glavu na kibano, nimevaa nguo nyeupe na soksi nje ya suruali. Wanafunzi wanaandika, wanahesabu na kutazama kwenye hadubini. Bwana mifugo wa shehia ameambiwa.

20 Aprili. Nyumba ya kupe, na damu ya mama

Kila jike yuko kwenye kikopo chake chenye namba. Vikopo vimo ndani ya ndoo yenye mfuniko, na ndoo imesimama kwenye beseni la maji ya sabuni ili sisimizi wasifike. Ndani ya ndoo, chini ya vikopo, nimeweka bakuli la chumvi ya mezani iliyoloweshwa mpaka ikawa uji. Chumvi ya namna hiyo hushikilia unyevu wa hewa kwenye asilimia 75 ndani ya chombo kilichofungwa. Nilijisifu kwa kulikumbuka hilo. Endeleeni kusoma.

Ili jike asitembee huku akitaga, nimemlaza chali juu ya kipande cha plastiki chenye tepu ya gundi pande mbili. Nimeona picha za maabara wakifanya hivyo.

Damu ya kupe ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unakata ncha ya mguu mmoja kwa mkasi mdogo, tone la maji maji linatoka, unaligusisha kwenye slaidi, linakauka. Kupe anaishi na anataga kama kawaida. Njia hii imetumika kwenye maabara za kupe tangu miaka ya 1970. Nina slaidi 11 za Amblyomma, zimesubiri rangi.

Wale wa samawati walianza kutaga siku ya tatu tu. Amblyomma bado.

Matumizi hadi leo: ndoo 2 kwa 12,000, beseni 5,000, slaidi boksi mbili 20,000, glavu 12,000.

3 Mei. Mayai yamenywea

Hasara ya kwanza. Mayai ya kupe wa samawati, ambayo yalipaswa kuwa ya mviringo, ya hudhurungi na yanayong'ara, yamebonyea kama zabibu kavu. Wanafunzi wanasema joto. Mimi nilisema umeme, kwa sababu feni ilikuwa haifanyi kazi siku tatu. Sote tulikosea.

Kilichonisaidia ni kupanga vikopo vyote mezani na kuvitazama kimoja kimoja kwa lenzi ya mkono. Kulikuwa na uharibifu wa aina mbili. Vikopo tisa mayai yalikuwa makavu lakini yametengana, kila moja peke yake. Vikopo vitano mayai yalikuwa yamegandana donge moja, hayang'ari, yananata kwenye sindano kama ubani. Na vitano hivyo ndimo walimo kupe niliowabandika kwenye tepu mpaka karibu na kichwa.

Usiku nikakaa na jike mmoja wa Amblyomma aliyeanza kutaga tarehe 27. Nimekaa saa nzima na tochi, na sijutii. Kupe anainamisha kichwa mpaka mdomo unafika chini ya tumbo, mahali yai linapotokea. Hapo, kati ya kichwa na ngao ya mgongoni, kinachomoza kifuko cheupe chenye maji, kama povu lenye pembe mbili. Yai linatoka limepauka, kifuko kinalipokea, kinaligeuza, kinalipaka nta, kisha kinarudi ndani. Kupe anainua kichwa, na yai limeshapanda juu ya mgongo wake likiwaka kama lulu. Dakika chache, yai jengine. Kifuko hicho huitwa kiungo cha Gené, kwa jina la Mwitaliano aliyekieleza. Nta ile ndiyo inayozuia yai lisikauke.

Sasa fikirini mimi nilichofanya. Mgongo umegandishwa kwenye gundi hadi kwenye ukingo wa ngao, kifuko hakina pa kutokea. Mayai yametoka bila ya nta.

Na wale tisa wengine? Hao nta walikuwa nayo, ila unyevu wa asilimia 75 hautoshi. Mayai ya kupe wengi yanataka zaidi ya 80. Cha kuchekesha ni kwamba tuko katikati ya masika, hewa ya Wete nje ya ndoo ilikuwa na unyevu zaidi kuliko ndani. Chumvi yangu ilikuwa inawakausha.

Marekebisho: hakuna tepu tena, kila jike yuko huru juu ya karatasi ndani ya kikopo. Badala ya chumvi ya mezani nimetumia mbolea ya potashi, ile nyeupe, kilo moja 4,000. Ikiloweshwa vivyo hivyo hushikilia asilimia 84 hivi kwa joto letu. Safari hii sikuamini kichwa changu, nimenunua kipima unyevu cha 25,000. Kinasoma 83.

Mayai ya Amblyomma yalikaa kwenye ukavu siku sita tu, mengi yamepona. Wa samawati nimewaanza upya, majike kumi kutoka kwa ami.

17 Mei. Vidoa vyekundu kila mahali

Rangi zimefika kwa boti kutoka Dar es Salaam, 36,000 pamoja na usafirishaji. Ni njia ya Giménez: fuksini ya kaboli, ile ile wanayotumia wapimaji wa kifua kikuu, na kijani cha malakaiti. Riketsia na bakteria wengine baadhi hubaki wekundu, vyengine vingi hugeuka kijani. Fuksini dakika mbili, kosha, malakaiti sekunde nane, kosha, rudia malakaiti, kosha. Mara ya kwanza malakaiti nimeiacha nusu dakika, kila kitu kikawa kijani kama bahari ya Misali. Hesabuni kwa sauti.

Slaidi ya pili ilikuwa nzuri. Vidoa vyekundu vingi, vinametameta. Slaidi ya tatu, vivyo hivyo. Mama wote 11 wana bakteria! Wanafunzi walipiga makofi, na mimi nilikuwa karibu kuandika hapa kwamba tumefanikiwa.

Yule msichana wa dirishani akauliza kama tumewahi kupaka rangi slaidi tupu. Hatukuwahi. Tukachukua kioo kipya, safi, kisicho na kitu, tukakipaka. Vidoa vyekundu vile vile. Ilikuwa chembe za fuksini iliyokaa na kujiganda, na mimi sikuichuja.

Tangu hapo sheria yetu ni moja: kila siku ya kupaka rangi, slaidi ya kwanza ni tupu. Fuksini inachujwa asubuhi ile ile kwa karatasi ya chujio, na iliyochanganywa haitumiki baada ya siku tatu. Chembe za rangi hazina umbo moja, ziko juu ya kioo, na ukizungusha skrubu ya hadubini hazipo kwenye usawa mmoja na seli. Bakteria halisi tunaowatafuta wamo ndani ya seli.

Baada ya kuchuja: mama 6 wana vijiti vyekundu vyembamba ndani ya seli za damu, 5 hatujaona.

Jambo dogo kuhusu mafuta. Lenzi ya mara 100 inataka tone la mafuta maalumu kati yake na kioo, na yetu yaliisha. Mafuta ya nazi yalitoa picha ya ukungu. Nikajaribu ya karafuu, ambayo Pemba huyakosi, kichupa 5,000. Picha ilisafika ghafla, kwa sababu mafuta hayo hupinda mwanga karibu sawa na kioo. Lakini yanakula plastiki na gundi inayoshika lenzi. Niliyafuta pale pale kwa pamba, na siku ya pili nikaazima mafuta halisi. Ikiwa hadubini si yako, usijaribu.

31 Mei. Vitoto vimetoka, vimetoka kweli

Kupe wa samawati wa duru ya pili walitaga tarehe 6, na jana, siku ya 24, wakatotoa. Vikopo nilikuwa nimevifunika kwa kipande cha chandarua. Chandarua kinazuia mbu. Kitoto cha kupe hakifiki hata milimita moja, kilipita kama mtu anayepita mlangoni.

Bahati, beseni la sabuni lilizuia wengi, walielea juu ya maji kama vumbi la mdalasini. Wengine niliwaokota ukutani kwa selotepu mpaka saa sita usiku. Mke wangu hakusema kitu, alihamisha godoro tu.

Nimekwenda dukani kununua bafta yadi mbili, 6,000. Muuzaji akaniangalia kwa huruma: "Poleni, nani katangulia?" Nikamwambia ni ya kufunikia kupe. Hakuamini, na bado aliniombea. Bafta mbili juu ya kikopo, raba, na pamba pembeni. Hakuna aliyetoka tena.

21 Juni. Mayai yote yana bakteria, jambo ambalo haliwezekani

Tumepasua mayai ya Amblyomma. Kati ya mama 11, watatu walikufa bila ya kutaga, wamebaki 8: watano wenye vijiti kwenye damu, watatu wasio navyo. Slaidi tupu ilikuwa safi. Na mayai ya mama wote 8 yamejaa vijiti vyekundu, hata ya wale watatu.

Safari hii hatukupiga makofi. Kama mama hana, mtoto kapata wapi? Ama damu ya mama tumeisoma vibaya, ama uchafu uko nje ya yai. Tukakosha mayai kwa maji, tukachukua tone la maji ya mwisho ya kukoshea, tukalipaka rangi peke yake. Lilikuwa na bakteria wa kila namna. Hawakuwa ndani ya yai, walikuwa juu ya ganda, kutoka kwenye ngozi na kinyesi cha mama.

Kukosha yai la kupe kuna kazi yake. Nta ile ile iliyonivutia usiku wa Mei ilifanya maji yateleze, mayai yakaelea juu kama mafuta ya samli. Tiba ilikuwa tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya maji, hapo yakazama. Kisha klorini ya kufulia iliyopunguzwa mpaka kama asilimia 1, dakika moja, kisha maji yaliyochemshwa mara tatu. Maji ya mara ya tatu yanapata slaidi yao. Ikiwa na kitu, mayai yale hayasomwi, yanarudi kukoshwa.

5 Julai. Sasa tumeona

Mayai kumi kwa kila mama, manne kwa slaidi. Usomaji umefanywa na wanafunzi wawili wawili bila ya kujua namba ya mama, namba nilikuwa nazo mimi kwenye bahasha.

Mama watano wenye vijiti kwenye damu: mayai yenye vijiti yalikuwa 10, 10, 9, 10 na 8. Mama watatu wengine: 0, 0 na 1. Lile moja linanisumbua. Huenda damu ya mama ilikuwa na wachache tusiowaona, huenda mkono wa mtu ulichanganya. Limeandikwa kama lilivyo.

Ila kuna kitu chengine ambacho hatukukitafuta. Kwenye mayai ya mama wote 8, bila ya kubagua, kuna vijidudu vifupi vya mviringo vilivyojikusanya mafungu mafungu. Rangi ni ile ile nyekundu, umbo ni tofauti. Nadhani hawa ni wenyeji. Kupe wengi wana bakteria wao wa kudumu, jamaa za koksiela na fransisela, wanaorithishwa kwa yai kizazi hadi kizazi. Damu haina vitamini B za kutosha, na kupe hali kitu chengine maisha yake yote, wao ndio wanaomtengenezea. Papasi walipopewa dawa ya kuwaua fransisela wao walidumaa, walipoongezewa vitamini B wakakua. Kwa hiyo kurithisha bakteria kwa yai si ajali ya maradhi tu. Njia ilikuwepo kwa ajili ya wapangaji wema, na riketsia naye anaipita.

Tarehe 2 mayai ya Amblyomma yalianza kutotoa, siku ya 66. Nikamponda kitoto kimoja cha mama namba 4, miguu sita, hakijaona ng'ombe. Nikamwita mwenye swali lake aweke jicho. Alitazama muda mrefu, akazungusha skrubu mbele na nyuma, kisha akasema, "Vimo ndani ya seli, mwalimu. Si rangi."

12 Julai. Konde

Nimempelekea ami habari. Alichotaka kujua ni kimoja: vitoto vilivyojaa majanini baada ya mvua vina ndigana kali, yale maradhi ya ng'ombe yanayoletwa na kupe? Nimemjibu hapana. Kimelea cha ndigana kali si bakteria, na hakipiti kwenye yai. Kitoto kinazaliwa bila nacho, kinakipata kwa kumnyonya ng'ombe mgonjwa, kisha kinakipeleka kwa ng'ombe mwengine kikishajivua gamba. Maradhi ya ng'ombe kukojoa damu ni kinyume chake. Kupe wa samawati anaishi juu ya ng'ombe mmoja tangu utotoni mpaka anashiba, hahami. Kama kimelea kisingepita kwenye yai kisingemfikia ng'ombe wa pili.

"Basi Unguja walimalizaje mbung'o?" akauliza. Walirusha madume waliofanywa tasa, na wa mwisho akanaswa mwaka 1996. Lakini mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja. Nikamwonyesha kikopo cha namba 4, maelfu ya mayai kutoka kwa jike mmoja. Akakirudisha haraka. "Chukua wanao, mwanangu."

19 Julai. Majina bado

Rangi inatuonyesha kwamba kuna kitu ndani ya yai, haituambii jina lake. Vijiti vile nawaita riketsia kwa umbo na makazi yao tu. Jina litatoka kwenye kipimo cha PCR, kinachotambua vinasaba vya bakteria, na rafiki aliyeko chuo kikuu bara amekubali kuvipima.

Kosa la mwisho la msimu: spiriti ya dukani ni asilimia 70, nikatia mayai mazima humo. Wiki moja baadaye ndani yalikuwa yameoza, kwa sababu nta ilizuia spiriti isiingie. Nimeanza upya na spiriti ya asilimia 95, 15,000, na kila yai limetobolewa kwa sindano kwanza. Kupe waliouawa na mayai yaliyotobolewa ndiyo yanayosafiri, hakuna mzima anayetoka kisiwani. Waliobaki wamechemshwa, isipokuwa vikopo viwili.

Jumla mpaka leo ni 140,000, bila ya nauli za Konde. Vichupa 16 vimeondoka na boti ya asubuhi: vinane vya mayai, vinane vya miguu ya mama zao. Kile cha mayai ya mama asiye na vijiti, aliyetaga lile yai moja lenye navyo, nimekifunga kwa uzi mwekundu.